Siku ya Tatu Mpe Spana

Ubao wangu pale Buguruni, upande wa reli,
niliuandika mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya geti la mtu:

*Futa kwanza mhimili, vumbi lisije kwaruza,*
*Tia mkono wa pili, kinyume nao wa kwanza,*
*Nati kaza kwa akili, pasi na kukandamiza,*
*Zikipita siku mbili, rudi, bure nitakaza.*

Watu huusoma wakingoja tyubu zao zizibwe.
"Mkono wa pili, hapo umenena," Chande akacheka,
"na yule wa kwanza ana habari?"
Nikamwambia hizo ni krenki.
Akasema hata ndoa ni krenki.
Sikumbishia. Nilikuwa na grisi mpaka viwikoni.

Kidawa hakuusoma.
Alikuja jua la saa saba, anakokota baiskeli,
trei sita za mayai nyuma, zimekazwa kwa mpira,
na mkono wa kushoto wa krenki kaushika
kama mtu aliyemkamata mwizi sikio.
"Kaza. Nawahi Ilala."

Nikachungulia tundu.
"Imeanza lini kugonga ko, ko, chini ya mguu?"
"Jumamosi."
"Leo Alhamisi."
"Basi?"

Basi pembe zimeliwa.
Mhimili chuma kigumu, mkono chuma laini,
kimoja kikicheza, kingine kinakuwa unga.
Tundu la pembe nne lilikuwa njiani kuwa pete,
na pete haikazwi.

"Chomeka kipande cha kopo."
Mtoto wa mjini, anajua.
Nami nakijua kipande cha kopo.
Mwaka juzi nilimchomekea Mwinjuma,
akafika mteremko wa Vingunguti, akasimama juu ya pedali.
Meno mawili.
Hakunidai hata senti,
ila tangu siku hiyo akinisalimia
hutabasamu kafunga mdomo.

Baiskeli yangu ilikuwa imeegemea ukuta.
Nikaifungua mkono wake wa kushoto.

Nikafuta mhimili wa Kidawa, nikafuta tena
kwa upande safi wa kitambaa.
Grisi kidogo kwenye hesi, si zaidi.
Wa kulia ulitazama chini, huu nikautazamisha juu
(kijana wangu Sefu aliwahi kuielekeza yote chini,
mteja akaondoka akiruka kama chura
mpaka kwenye duka la mkaa ndipo akarudi kututukana).
Nikashika spana.
Nikakaza mpaka kiganja kikaanza kuuliza,
nikaongeza kidogo,
nikaacha kabla bega halijajibu.
Bomba la kurefushia mpini lilikuwa palepale miguuni.
Bomba hukaza hasira. Sikuligusa.

"Bei gani?"
"Keshokutwa uje niikaze tena."
"Nimeuliza bei."
"Ya mkono nitakwambia keshokutwa."
Akanitazama kama ninayemtongoza,
akapanda, akaenda. Trei hazikutikisika.

Wote huitikia, nitakuja.
Nati iliyonyamaza, nani ataiachia biashara yake?
Nikatembea kwa miguu hadi Kiwalani,
jioni mbili, Chande akinipita na birika lake,
"Fundi baiskeli, baiskeli iko wapi?"

Jumamosi nilisikia kengele.
Hata hakushuka vizuri, aliegemea tu nguzo ya ubao.
Nikaweka spana. Nati ikasogea robo.
"Kumbe hukuikaza!"
"Niliikaza."
"Mbona imezunguka?"

Nikamwambia chuma nacho mgeni.
Siku ya kwanza hukalia ncha ya kiti,
hata maji anaona haya kuomba.
Ukimpa kazi, ndipo anakaa akaenea.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu mpe spana.

Akacheka, kisha kwa mara ya kwanza
akainua macho akasoma ubao, midomo ikihesabu.
"Mstari wa pili una grisi," akasema.
Akanilipa nusu, nusu tukapatana Jumatano,
akaacha mayai matatu juu ya kitambaa changu kichafu.

Moja lilikuwa na ufa.
Nikalikaanga hilo kwanza.